Maswali ya Wasomaji: Kutafiti Elimu na Dini katika Shahada za Juu

Safari hii safu inajibu barua za wasomaji walio katika masomo ya uzamili na uzamivu, au wanaojiandaa kuyaanza, katika uwanja unaochunguza elimu na dini ndani ya jamii. Tumechagua barua sita. Majina ya waandishi tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga, na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika elimu. Nilipeleka kwa msimamizi wangu mada isemayo "Mchango wa Dini katika Maendeleo ya Elimu Tanzania". Amenirudishia mara mbili, na kila mara ameandika neno moja tu pembeni: "Punguza." Nipunguze nini, ilhali kila ninachokigusa naona kina umuhimu? — Mwalimu, Muheza

Msimamizi wako ana haki, ingawa angeweza kukufafanulia zaidi ya hapo. Mada yako imebeba dini, elimu na maendeleo kwa pamoja, na kila moja ni bahari ambayo watu wameizamia maisha yao yote bila kugusa chini. Tatizo kubwa zaidi limo katika neno "mchango", kwa sababu linatoa hukumu kabla hujaenda uwandani: linadai kuwa dini ilileta jambo jema, na kwamba kazi iliyobaki ni kulihesabu. Tasnifu nyingi nilizosoma zenye neno hilo kichwani huishia kuorodhesha shule zilizojengwa na makanisa na misikiti, kisha hufunga kwa shukrani.

Ningekushauri uanze na mtoto mmoja wa Muheza na ratiba yake ya wiki. Asubuhi yumo katika shule ya serikali, na saa kumi alasiri yumo chuoni kwa ustadhi, juzuu mkononi. Mwenzake wanayekaa naye dawati moja huenda Jumamosi kwa katekista kujifunza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katikati ya wiki shule yao ina kipindi cha dini, darasa linagawanyika, na anayeingia kufundisha mara nyingi ametumwa na jumuiya ya dini, wala hayumo katika orodha ya mishahara ya halmashauri. Watoto hawa hawajui kuwa wanaishi ndani ya "uhusiano wa elimu na dini". Wanajua wapi huandikwa katika daftari na wapi husomwa kwa sauti mpaka aya ikae moyoni. Wanajua mwalimu yupi hulipwa mshahara na yupi huletewa kilo ya sukari mwezi unapokwisha. Ukifuata ratiba hiyo, maswali ya utafiti yatakujia yenyewe, tena yatakuja yakiwa madogo kiasi cha kubebeka.

Mahali ulipo pana historia ya kutosha kuzijaza tasnifu kadhaa. Magila, hapo hapo Muheza, ni kituo cha zamani cha wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, kilichoanza katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tanga mjini, mwendo wa siku moja kwa miguu, serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake katika miaka ya mwanzo ya 1890, ikafundisha kwa Kiswahili na bila mafundisho ya Kikristo, kwa kuwa ilihitaji makarani na maakida, yaani maofisa wadogo wa utawala, na pwani waliokuwa wamekwisha kujua kusoma walikuwa kwa sehemu kubwa Waislamu waliotoka chuoni. Wamisionari waliilalamikia shule hiyo kuwa inaupa nguvu Uislamu. Vyuo vya Qur'ani vilikuwepo kabla ya wote hao, na Tanga ikaja kujulikana kwa madrasa zake kubwa. Kwa hiyo babu wa mwanafunzi wako alikuwa na milango mitatu ya kusomea ndani ya eneo dogo, na mlango aliouchagua, au aliochaguliwa, uliamua mambo mengi kuhusu jina lake, kazi yake na mahali alipozikwa.

Ongeza mabadiliko yaliyofuata uhuru. Sheria ya Elimu ya 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za mashirika, nyingi zikiwa za makanisa, ili mtoto asizuiwe kuingia darasani kwa sababu ya dini yake. Seminari ziliachwa mikononi mwa makanisa kwa kuwa zilikuwa za kuandaa makasisi. Miaka ilipopita na milango ya shule binafsi ikafunguliwa tena, Waislamu nao walianzisha sekondari zao na baadhi wakaziita seminari, neno lililotoka kwa Wakatoliki na kuhamia upande wa pili bila mtu kushtuka. Mimi ningependa kusoma kazi ya mtu atakayefuatilia safari ya neno hilo moja: ni lini lilihama, nani alilihamisha, na wazazi wanasikia nini wanapolisikia leo.

Lakini kama ungenilazimisha nikuchagulie mada moja, ningekupa ya lugha. Katika mtihani wa Kidato cha Nne lipo somo la Maarifa ya Biblia na lipo somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. La kwanza hutahiniwa kwa Kiingereza, la pili kwa Kiswahili. Fikiria maana yake katika sekondari ambayo fizikia, historia na jiografia zote hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana wa Kiislamu anaeleza hoja ndefu kwa lugha anayoiota usiku. Je, hilo humpa nafasi ya kufikiri kwa kina kuliko katika masomo mengine, au hulifanya somo lionekane jepesi machoni pa wenzake na la kujazia cheti tu? Na yule wa Maarifa ya Biblia, ambaye kanisani amesikia Neno kwa Kiswahili, na nyumbani huenda kwa Kibondei au Kisambaa, hutafsiri nini kichwani anapoandika habari za Waamuzi na Wafalme kwa Kiingereza? Hapa una dini, una elimu, una jamii, na vyote vimekaa juu ya meza moja ya mtihani. Shule mbili zinatosha. Chukua wanafunzi ishirini, walimu wanne na karatasi za mitihani za miaka kumi, kisha mpelekee msimamizi wako uone kama atarudia neno lake.

Assalaam aleikum, Mwalimu. Nimefundisha madrasa ya watoto wadogo hapa Mombasa kwa miaka tisa, na sasa niko mwaka wa kwanza wa uzamili. Nataka kutafiti madrasa za aina hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenzangu amesema mbele ya darasa kuwa siwezi kuwa mtafiti wa haki, kwa kuwa mimi ni muumini na tena ni mwalimu wa mle mle. Walimu wenzangu wa madrasa nao wameanza kuniuliza kama nakwenda kuwaandikia Wazungu. Nimebaki katikati. — Mwalimu wa madrasa, Mombasa

Wa aleikum salaam, dada yangu. Huyo mwenzako mwulize kama yeye, aliyekaa madarasani tangu utotoni, ataruhusiwa kutafiti shule. Hakuna anayeingia katika uwanja huu akitokea mahali pasipokuwa na dini wala shule. Mwanasosholojia Émile Durkheim, ambaye bila shaka mtamsoma katika kozi ya nadharia, alizaliwa mwaka 1858 huko Épinal, Ufaransa, akiwa mtoto wa rabi, naye akaja kuiacha imani ya nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Paris akiwafundisha walimu watarajiwa namna ya kuwapa watoto maadili yasiyotegemea mafundisho ya dini, katika nchi iliyokuwa ikielekea kutenganisha dini na dola, jambo lililokamilishwa kwa sheria ya 1905. Alikuwa na upande, na upande wake unaonekana katika kila alichoandika. Tunamsoma kwa sababu alizitoa hoja zake hadharani ili watu wazipime, na hicho ndicho kitakachotakiwa kwako pia.

Kitakachokusumbua zaidi ya imani ni mazoea. Kwa miaka tisa umeingia katika chumba kile, kwa hiyo huoni tena namna watoto wanavyokaa, nani huketi mbele, nani hutumwa maji, ni kwa nini sauti ya mwalimu hubadilika anapotoka katika nyimbo za herufi na kuingia katika sura fupi za Qur'ani. Mgeni angeyaona hayo siku ya kwanza na asiyaelewe. Wewe unayaelewa na huyaoni. Njia niliyoiona ikifaa ni kuanza na madrasa ambayo hujulikani, Kwale au Malindi kwa mfano, ukae wiki mbili ukiandika kila kitu kinachokushangaza, kisha urudi kwako na daftari hilo na kujiuliza kwa nini hayo hayo hayakuwahi kukushangaza nyumbani. Mtu asiye mwalimu na asiye wa mtaa wenu asome maandishi yako na aweke alama ya kuuliza kila anapokwama.

Kuhusu kuwaandikia Wazungu, swali hilo lisikuudhi, kwa maana lina historia nyuma yake. Lakini mjadala unaotaka kuuandika ulianza hapo hapo Mombasa miongoni mwa watu wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na katika maandishi yake aliwahimiza Waislamu wa pwani wayashike masomo ya dini na ya dunia kwa pamoja, wasichana wakiwa miongoni mwa wasomaji aliowakusudia. Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, programu ya shule za awali za madrasa ilianza Mombasa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, baada ya wazee na wazazi wa pwani kulalamika kwamba watoto wao wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Ilichanganya Qur'ani na michezo ya kujifunzia iliyotengenezwa kwa vifuu, mbegu na vitu vingine vinavyopatikana nyumbani, na kabla ya katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha kufika Zanzibar na Uganda.

Jambo ambalo mimi ningelitazama kwa makini ni kwamba programu hiyo iliwategemea wanawake vijana wa mtaani kama walimu. Wanawake walikuwa wakifundisha wasichana majumbani tangu zamani, hilo sote tunalijua, ila kusimama mbele ya darasa lenye rejista, kamati na mafunzo ya kazi ni cheo cha namna nyingine. Mwalimu huyo anahesabiwaje? Anaitwa ustadha, mwalimu, au bi fulani tu? Kamati ya msikiti inamsikiliza anapozungumza juu ya ada? Maswali hayo wewe utayajibu vizuri kuliko yeyote darasani kwenu, akiwamo huyo aliyekutilia shaka.

Na hapa nikuonye kwa upole. Kwa miaka tisa wenzako wamekuambia mambo mengi kama rafiki: ya waume, ya mishahara iliyocheleweshwa, ya mzozo na imamu. Hayo si data. Uliyoyasikia kabla hujavaa joho la mtafiti yabaki palipo siri nyingine, hata kama yangeipamba sura ya matokeo katika tasnifu yako. Ukitaka kuyatumia, rudi kwa mwenyewe, mwombe upya, na ukubali akikataa. Kisha matokeo yako wasomee kwa Kiswahili kabla hujayakabidhi chuoni, wakiwa wamekaa na chai, uwaache wakukosoe.

Ndugu Mhariri, nakusudia kulinganisha ufaulu wa wanafunzi Waislamu na Wakristo katika mtihani wa Kidato cha Nne kwa miaka ishirini. Takwimu za ufaulu kwa dini sizipati popote. Rafiki yangu amenishauri nitumie majina yaliyomo katika orodha za matokeo. Je, inakubalika? — Mwanafunzi wa uzamivu, Dodoma

Haikubaliki, nami nakuomba uiache leo. Sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu nchini Tanzania ilikuwa ya 1967; tangu hapo serikali haijalirudisha swali hilo, kwa hiyo hata ungekuwa na majina yote usingekuwa na idadi ya watu ya kuyapimia. Majina yenyewe nayo yatakudanganya. Rehema, Neema, Baraka na Amani ni wa pande zote. Yupo Juma anayeimba kwaya na yupo Yusufu ambaye huwezi kumweka popote mpaka umwone Ijumaa au Jumapili. Katika sehemu nyingi za nchi, ndugu wa tumbo moja wana dini mbili na jina moja la babu.

Hata kama ungepata takwimu safi, swali lako lingebaki na kasoro kubwa zaidi. Shule za misheni hazikusambazwa nchini kama mvua. Zilijikita Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe, mahali penye hali ya hewa iliyowafaa wageni na ambako baadaye kahawa ilileta fedha za ada. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ikaanza kuzipa ruzuku zile zilizotimiza masharti yake, ilhali chuo cha Qur'ani hakikuhesabiwa kuwa shule. Mtoto wa Machame, Kilimanjaro, akifaulu kuliko mtoto wa Kilwa, pwani ya kusini, ni dini, ni ruzuku, au ni kahawa? Ukiwa na jedwali la dini na alama tu, utajibu "dini", na jibu lako litapelekwa kwenye majukwaa ambayo hukuyakusudia, na huko litachoma watu. Chukua wilaya moja yenye dini zote mbili na uchumi unaofanana, fuata shule chache, uulize wazazi walivyoamua kumsomesha nani na wapi. Utapata kidogo, lakini utakuwa na hakika nacho.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma uzamili wa elimu nchini Kenya na ningependa kuandika juu ya hijabu shuleni. Wakuu wa shule hawataki kuzungumza. Je, naweza kutumia hukumu za mahakama kama chanzo changu kikuu? — Eldoret

Marahaba. Unaweza, tena faili la kesi mara nyingine husema zaidi ya mkuu wa shule aliyejiandaa kuhojiwa. Itazame kesi ya Isiolo, iliyohusu sekondari inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 wakuu wa elimu wa kaunti walipotaka wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, kanisa lilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwa upande wa kanisa, Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo mwaka 2016, na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu ya rufani kwa sababu ya namna dai la wanafunzi lilivyoletwa mahakamani, bila kulimaliza swali la hijabu lenyewe.

Usiisome kesi hiyo kwa kutafuta mshindi. Tafuta jinsi kila upande unavyolieleza neno "sare": kwa mmoja ni usawa wa watoto, kwa mwingine ni kufutwa kwa mtoto mmoja ili wengine waonekane sawa. Tazama pia nafasi ya mdhamini, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitambua: inampa kanisa au msikiti ulioanzisha shule jukumu la malezi ya kiroho, papo hapo ikimtaka alinde imani za wasiokuwa wake. Sentensi hiyo moja ya sheria inakutosha sura nzima. Upungufu wa chanzo hiki ni kwamba wasichana wenyewe hawasikiki sana ndani yake, kwani wanaozungumza ni mawakili, wazazi na viongozi, kwa hiyo usije ukaandika kana kwamba umewahoji.

Salaam kutoka Ujerumani. Mahojiano yangu ya uzamivu niliyafanya Unguja kwa Kiswahili, na tasnifu naiandika kwa Kiingereza. Ninapotafsiri maneno kama dini, elimu, chuo na malezi, nahisi kitu kinamwagika njiani. Msimamizi wangu anataka kila neno la Kiswahili nilipe neno moja la Kiingereza na nishikamane nalo hadi mwisho. Unashauri nini? — Mtanzania ughaibuni

Barua hii nimeisoma mara tatu kwa raha, kwa sababu kinachomwagika njiani ndicho utafiti wako wenyewe.

Chukua "chuo". Katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu, na vyuo vilikuwa vitabu. Kisha kikawa mahali pa kusomea kitabu, yaani Qur'ani, na mpaka leo mtoto wa Unguja akikuambia anakwenda chuoni huna haja ya kumuuliza anasomea shahada gani. Mwanachuoni ni mwanazuoni wa dini. Nchi zetu zilipohitaji jina la taasisi ya juu kabisa ya elimu ya kisasa, zilichukua neno hilo hilo na kuliongeza kimo: chuo kikuu. Neno "shule" lilikuja na Wajerumani, na "skuli", wanalolitumia Zanzibar, likaja na Waingereza. Lakini kwa kilele cha elimu tulirudi kwenye mkeka wa ustadhi. Wewe mwenyewe unatarajia kuhitimu, na kuhitimu kulianza kuwa kuikamilisha Qur'ani, kwa hitima, kabla hakujawa na joho na mahafali.

Au chukua "kusoma". Upande wa bara, Uganda, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na kwa Wakikuyu waliitwa athomi, kwa maana ile ile: kuamini na kusoma vilikuwa tendo moja machoni pa majirani zao. Pwani, kisomo ni kile kinachofanyika baada ya mazishi au kwa kumwombea mgonjwa, na neno hilo hilo serikali ya Tanzania ililitwaa kwa kampeni za kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, ikaziita kisomo cha watu wazima. Bibi aliyekuambia katika mahojiano "mimi nimesoma, ila sikusoma" hajajikanganya hata kidogo: amesoma Qur'ani, ila hakwenda skuli. Ukitumia kitenzi kimoja cha Kiingereza mara zote mbili, utamfanya aonekane mpumbavu.

Msimamizi wako anatafuta usahihi, na nia yake ni njema. Mweleze kwamba hoja unayoileta si ya lugha peke yake. Talal Asad, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Madina mwaka 1932, alionyesha kuwa maana ya dini kama kitu kinachojitegemea, kilichotengwa na siasa, sheria na elimu, imezaliwa katika historia maalumu ya Ulaya, kwa hiyo haiwezi kubebwa kama rula na kupimia kila mahali. Neno letu "dini" lilitoka Kiarabu, na "elimu" pia ilitoka Kiarabu, na kwa karne nyingi mtu wa Unguja hakuzitenga mpaka alipolazimika kusema "elimu ya dini" na "elimu ya dunia". Mgawanyo huo una tarehe yake na sababu zake. Watafute waliouanza kuutamka, ujue ulianza kuenea katika vizazi gani vya wazee uliowahoji.

Kwa utendaji, acha maneno manne au matano yabaki ya Kiswahili ndani ya Kiingereza chako. Kila moja lieleze kwa ukurasa mmoja mwanzoni, ukitoa mifano mitatu kutoka kwa wasemaji tofauti, na yaliyobaki yatafsiri kadiri ya mahali kila moja lilipotumika. "Malezi" lisitafsiriwe kabisa. Nimejaribu mara nyingi, na kila nilipopata neno la malezi ya mzazi nililipoteza lile la ustadhi, na lile la jirani anayemkaripia mtoto asiye wake na kushukuriwa na mama.

Ndugu Mhariri, nasoma uzamili hapa Morogoro na ninataka kwenda shule mbili za msingi na madrasa mbili za mkoa jirani. Kibali naanzia wapi? — Morogoro

Kwa kuwa unasoma chuo cha hapa nchini, unaanzia chuoni kwako. Barua ya utambulisho kutoka chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye hukuandikia barua ya kwenda wilayani na katika halmashauri, kisha Ofisa Elimu hukupeleka kwa mwalimu mkuu. Wageni, na Watanzania wanaosoma nje, huomba kwanza kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wanaokwenda Zanzibar wafuate utaratibu wa Zanzibar, ambao ni tofauti na wa Bara.

Barua ya serikali inakufungulia mlango wa shule peke yake. Kwa madrasa utakwenda kwa ustadhi, na ustadhi atakupeleka kwa kamati ya msikiti, na kamati pengine itakutaka urudi wiki ijayo, rudi. Usifike wakati wa somo, ufike kabla ya alasiri, ukae nje mpaka uitwe. Watoto ni wadogo, kwa hiyo idhini ya mzazi uipate kwa maandishi, na asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba mbele ya shahidi, na mtoto mwenyewe aulizwe pia kama anataka, kwa maneno anayoyaelewa. Barua zako zitolee nakala nne: moja itabaki mkoani, moja wilayani, moja shuleni, na ya nne usimwachie mtu.